Mwale Wetu na Ngarama

Nakivale, 9 Septemba

Mdogo wangu Sonia anasema nina mdomo mkali, heri hasira zangu niziweke kwenye karatasi kuliko kumwangushia kila anayepita mlangoni. Haya, Bénédicte anaandika. Tuone nani atapona.

Leo mvua ya kwanza, ile ya kulowesha vumbi tu. Watu wa Base Camp, upande wetu wa kambi hii ya wakimbizi, wametoka nje kuifurahia. Mimi sikufurahi sana, kwa sababu sasa nina kitu cha kukiogopea. Tangu mwezi wa saba nimekabidhiwa kituo cha mtandao: chumba cha bati chini ya kilima, na dishi la setilaiti juu kabisa, karibu na tangi la maji. Dishi hilo ndilo linaloipa mtandao zahanati, shule, na watu wote wanaopiga simu za video kwa ndugu zao Uvira na Ulaya.

Mlinzi wetu ni papa Natanaeli, mtu wa Fizi, mpole, hasemi neno mpaka aulizwe. Nimempandisha kilimani nikamwonyesha dishi. Nikamwambia, "Papa, hii uichunge sawa mutoto wako. Ikiharibika habatatupa ingine." Akaligusa kwa kiganja kama anayepima homa, akasema ndiyo, amesikia.

14 Septemba

Mvua. Matope. Nimepoteza kandambili moja njiani, na sikurudi kuitafuta.

18 Septemba

Leo Jumatano, siku ya Sonia. Niandike vizuri, maana kichwa changu kiko hapo tu.

Sonia ana mimba ya miezi sita. Mbili za kwanza zilitoka. Hii ya sasa kondo limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Daktari wake, Dokta Mbabazi, yuko Mbarara, na anataka kuona picha ya tumbo kila Jumatano. Muuguzi Constance anampima hapa zahanati, picha inapanda angani, inashukia Mbarara, daktari anaiona akiwa kitini kwake. Akisema "mleteni", gari linatoka. Asiposema, halitoki. Na barabara yetu wakati wa mvua si ya kumpakia mwenye mimba kwenye boda ukajaribu bahati.

Basi leo Constance ameanza kupima, picha ikaenda nusu, mvua ikapiga bati, picha ikaganda, halafu ikafa. Nimebonyeza kila kinachobonyezeka. Wapi! Mvua ilipokatika mtandao ukarudi mzima, kama mtu aliyetoka kunywa chai. Daktari alikuwa ameshakwenda kwa wagonjwa wengine.

Nimepanda kilimani. Dishi liko pale pale, kavu, safi, limeangalia juu kama kawaida. Natanaeli alikuwa amesimama kando yake, nguo zimemlowa chapachapa. Nimemuuliza kama kuna kitu kimeligonga. Akasema hakuna.

25 Septemba

Yale yale. Mvua imeanza saa ile ile ya picha, na picha imekufa vile vile. Sonia ameshuka kitandani polepole, akavaa viatu, akaniambia, "Yaya, usikasirike bure. Mutoto anacheza mingi leo, minamusikia." Yeye ndiye mwenye tumbo, na ndiye anayenituliza mimi, yaya, dada yake mkubwa. Nimetoka nje nikamfokea mbuzi wa jirani.

26 Septemba

Nimempigia Hudu. Hudu ni yule kijana wa kampuni ya mtandao aliye kwenye chumba cha mitambo Kamukuzi, Mbarara. Yeye ndiye anayegawa. Alishanieleza zamani: setilaiti inamulika chini kwa miale mingi, kila mwale na kipande chake cha ardhi, lakini nguvu ya kuigawia miale yote ni moja, haiongezeki. Ni sufuria moja ya bugali na sahani nyingi. Ukimwongezea huyu, mwingine anakula kidogo. Na ndani ya mwale mmoja, vituo vinagawana tena. Sisi wa Nakivale tunakula sahani moja na Ngarama, kule karibu na mpaka wa Tanzania.

Nimemwambia mvua ikinyesha anatukatia, anawapelekea wenye maduka wa mjini.

"Nyabo, mimi sikati mtu," akasema; nyabo ndiyo "mama" yao ya heshima. "Mvua ikija mashine yenyewe inakuongezea. Lakini wewe unashuka tu. Ngarama mvua ni hiyo hiyo, mbona wao hawashuki hivyo?"

"Kwa sababu wao ni wenyeji na sisi ni wakimbizi!"

Nikakata simu. Nimejisikia vizuri kwa muda mfupi tu.

30 Septemba

Natanaeli anakohoa. Amekuja kazini na nguo mbichi asubuhi, jua linawaka. Mtu mzima anashindwa hata kuanika nguo? Nadhani anakunywa.

2 Oktoba

Jumatano. Mvua. Picha haikwenda. Wiki ya tatu sasa daktari hajaona tumbo la mdogo wangu. Constance, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, amenivuta pembeni. "Béné, mimi ninapima lakini siyo daktari. Nikikosea hapa, nitaishi na kosa hilo namna gani?" Nimepanga safari ya kwenda kwa Hudu.

8 Oktoba, Mbarara

Nimefika nimechafuka hadi magotini. Boda alinitoa Kakoba mpaka Kamukuzi akiniuliza njia nzima kama ninakwenda kushtaki mtu. Nikamwambia ndiyo.

Nilimtegemea Hudu awe mnene na mwenye kiti cha kuzunguka. Kumbe ni kijana mwembamba, kofia ya sala kichwani, chupa ya chai mezani, macho mekundu ya kuangalia skrini. Akasimama kunisalimu. Akaninawisha mikono, akanimiminia chai kabla ya neno lolote, na mimi nilikuwa nimekuja na maneno yamejaa mdomoni. Ni vigumu kumtukana mtu huku umeshika kikombe chake, lakini nilijitahidi.

Amenionyesha skrini. Nchi imejaa maduara yaliyopandana, kila duara ni mwale mmoja. Duara la mji ni kubwa na lina rangi kali. Letu lina vidoti viwili, Nakivale na Ngarama. Akanionyesha mstari wa Nakivale: kila mvua unaporomoka mpaka chini, na kila unapoporomoka mashine inamega upande wa Ngarama kutuinua.

"Tayari unakula kwao," akasema. "Mimi sielewi kwa nini hushibi."

Nikatoa simu nikamwonyesha Sonia. Picha ya Jumapili, amevaa kitenge cha kijani, amelishika tumbo kwa mikono miwili. Nikamweleza zile mbili zilizotoka. Nikasema, "Huyu akivuja damu siku ya mvua na daktari asimuone, atakufa. Wewe utakuwa hapa unakunywa chai." Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira.

Hudu akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Kale, nyabo, sawa. Nitaiweka Nakivale mbele. Mvua ikija, utachukua kwanza wewe, Ngarama watapata kinachobaki. Lakini ujue kuna mtu nimemnyang'anya."

"Mnyang'anye," nikasema.

Nimeliandika neno hilo kama lilivyotoka.

9 Oktoba

Mvua ya mawe, na picha imepita! Imekwenda kwa kujikokota, lakini imefika. Dokta Mbabazi amesema mtoto anakua, kondo bado liko chini, Sonia asibebe hata jagi la maji. Tumecheka wote watatu, Constance mpaka akashika ukuta. Usiku wa leo nitalala.

13 Oktoba

Kanisani wamenishukuru mbele ya watu kwa kuwaletea mtandao. Nimesimama nikapunga mkono kama waziri.

16 Oktoba

Jumatano. Imepita.

Natanaeli amekohoa mpaka ameketi chini. Nimemwambia akilewa asije kazini. Ameniangalia tu, akasema, "Sinywake, mama Béné." Nimemwambia basi aanike nguo zake. Akajibu atajaribu.

23 Oktoba

Nitaandika yote.

Mchana Sonia ameamka kutoka mkekani na damu. Si nyingi, lakini damu. Nikamshika mkono mmoja, jirani mkono mwingine, tukampeleka zahanati mvua ikimwagika kama ndoo. Constance akampima. Nikakimbia kituoni, nikafunga mtandao wa shule, nikafunga wa simu za watu, nikabakiza zahanati peke yake. Nje watu wakaanza kugonga bati: "Fungua! Tunaongea na batu ya Canada!" Nikawajibu maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Hata hivyo picha ilisuasua. Nguvu yote ile tuliyopewa, na bado ilikuwa inajivuta kama inatoka kisimani. Nilipiga magoti mbele ya meza. Sijui kama nilikuwa naomba Mungu au mashine. Mwishowe simu ya Constance ikaingia: daktari ameona, mtoto mzima, damu itakatika, alale ubavu, asisogee, kesho apimwe tena.

Damu imekatika jioni. Sonia amelala na mkono wangu chini ya shavu lake, siwezi hata kuutoa, ninaandika kwa mkono wa kushoto. Asante Mungu. Asante Hudu pia.

27 Oktoba

Hudu amepiga. Kwa salamu yake tu nikajua si habari njema.

Tarehe ishirini na tatu, saa zile zile, kulikuwa na mama mwingine Ngarama. Muuguzi wa kule anaitwa Nasimah. Naye alikuwa anamtafuta daktari, naye alikuwa anasukuma picha, mtoto amekaa vibaya. Picha haikutoka kabisa. Walimbeba kwa pikipiki katikati ya matope. Mama amepona. Mtoto hakuishi.

"Mimi ndiye niliyebonyeza," Hudu akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Sikulaumu wewe. Lakini narudisha mgao sawa kwa sawa, nyabo. Siwezi tena."

Nikamwambia Sonia bado hajajifungua. Nikamsihi, nikamwita ndugu yangu. Ndiyo, hata baada ya kusikia habari hiyo nilisihi. Akaniacha nimalize, halafu akasema kitu kimoja tu: "Nimekupa nguvu ya vituo viwili, na mvua ikija bado unashuka. Hiyo nguvu inakwenda wapi?"

28 Oktoba

Sikula.

30 Oktoba

Mvua. Picha haikwenda. Nimekaa nikiangalia skrini, na kwa mara ya kwanza sikumtukana mtu. Ninamfikiria yule mama kwenye pikipiki. Sijui jina lake, sikuthubutu kuuliza. Nilipokuwa napiga magoti picha ya Sonia ipite, kulikuwa na mtu wa kupiga magoti kule pia.

Inakwenda wapi?

6 Novemba

Leo nimefanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya tangu Septemba. Mvua ilipoanza na mtandao ukaanguka, sikubaki ndani kubonyeza. Nilitoka, nikapanda kilima ndani ya mvua. Nimeanguka mara nyingi njiani. Siku zote kabla ya leo nilikuwa ninapanda mvua ikishaacha, kama mtu anayejiheshimu.

Dishi sikuliona. Niliona kitu kikubwa cheupe kimefunikwa na kufungwa kamba. Shitingi, turubai ile ile ya msaada tunayopewa tukifika hapa, ile tunayofunikia kila kitu tunachokipenda: paa, mahindi, kitanda cha mgonjwa, jeneza. Imefunika dishi lote mpaka kwenye shingo yake, maji yamejaa kwenye mikunjo. Na kando yake Natanaeli amechuchumaa, ameshika ncha moja kwa mikono miwili upepo usiipeperushe. Yeye mwenyewe yuko nje ya shitingi.

Nilipiga kelele. "Papa, unafanya nini?"

Akaruka kwa furaha, hakika, kwa furaha, kwamba hatimaye nimekuja kumsaidia. "Shika fasi hii, mama Béné! Upepo iko na nguvu leo!"

Nikaivuta shitingi kwa nguvu zangu zote. Maji yakatumwagikia wote wawili. Akaning'ang'ania mkono, akadhani nimerukwa na akili. "Italowa! Mama, italowa!"

"Ilowe! Iliumbwa ilowe!"

Simu yangu ikaanza kulia mfukoni, ujumbe mmoja juu ya mwingine. Mtandao ulikuwa umerudi, na mvua inanyesha vile vile. Nikamwonyesha. Nikamweleza, kwa kelele kwa sababu ya mvua: dishi halihofii matone. Linalohofia ni kuzibwa macho. Maji yaliyolala juu ya shitingi ndiyo yaliyokuwa yanameza kila tulichopewa, chetu na cha Ngarama.

Natanaeli akaangalia simu, akaangalia dishi, akaangalia shitingi iliyo chini kwenye matope.

"Uliniambia niichunge sawa mutoto wangu," akasema. "Mutoto habamuachake ku mvula."

Nikaiokota shitingi kwenye matope, nikaikunja.

7 Novemba

Nimeibeba shitingi mpaka kwake, kumrudishia. Sikuwahi kufika kwake. Nilipoingia nikaangalia juu nikaona mbingu. Miti ya paa iko, nyasi chache ziko, katikati hakuna kitu. Chini kuna kitanda kimesogezwa kona, na masufuria yamepangwa kupokea maji.

Shitingi ya kilimani ilikuwa ya paa lake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema, maana kila nilipopanda mvua ikikatika alikuwa ameshaikunja, sikuwahi kuiona. Akasema hakuulizwa. Na alimwona Sonia akipita na tumbo lake kila Jumatano, akajua lile dishi ndilo linalomwangalia. "Mimi ni mutu muzee," akasema, "minaweza lowana." Halafu akakohoa, akageuza uso pembeni ili asinikoholee.

Kikohozi hicho nilikiita pombe. Niliita wizi kazi ya Hudu, na wenyeji wa Ngarama nikawaita waliopendelewa. Tumepanda juu ya paa pamoja, mimi na yeye, tumeifunga shitingi kwa kamba ile ile. Akanifundisha fundo.

Nimempigia Hudu nikamwambia kila kitu. Akasema, "Banange! Jamani!" Halafu akasema atapanga sisi na Ngarama tupigiane wenyewe: mwenye mgonjwa anaomba, mwingine anazima vyake.

9 Novemba

Nimempigia Nasimah. Nilikuwa nimepanga maneno kwa siku mbili, yakaniishia kwenye jina langu. Nikamwambia tu: ni mimi niliyechukua nguvu yenu, na ilikuwa inaishia kwenye turubai. Nikasema samahani, neno dogo kama punje.

Akasema, "Yule mama anaitwa Mukashema. Mtoto alikuwa wa kiume." Hakusema amenisamehe. Akaniuliza Sonia anaendeleaje. Nikajibu, na nikalia baada ya kukata.

13 Novemba

Mvua kubwa. Picha imepita haraka, nguvu sawa kwa sawa, hatukumega kwa mtu. Ingekuwa hivi tangu mwanzo.

20 Novemba

Dokta Mbabazi ameona picha, amesema mleteni. Gari limetoka mvua ikinyesha. Nimebaki kituoni. Natanaeli amekaa nami mlangoni.

21 Novemba

Wamempasua Sonia Mbarara. Mtoto wa kike. Wazima wote wawili! Wazima! Nimemwambia hata yule mbuzi wa jirani.

4 Desemba

Sonia amerudi. Leo mama yetu ameshuka mjini Uvira, kwa mtu mwenye simu nzuri, kumwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Amesubiri kumwona mjukuu tangu mimba ile ya kwanza. Tumekaa kituoni, Sonia amevaa kitenge cha kijani, mtoto amefungwa mpaka anaonekana pua tu. Mama akatokea kwenye skrini, ameshajifunga kilemba cha sherehe.

"Sonia! Sikuone muzuri. Leta mutoto karibu, mufungue uso..."

Simu yangu ikalia. Nasimah. Nyuma yake nilisikia mvua juu ya bati. "Béné, niko na mama hapa, anatoka damu. Tunahitaji."

Sonia alisikia. Anajua Ngarama, nilimweleza yote alipokuwa kitandani, na alikaa siku nzima bila kunisemesha. Alikuwa ameshaanza kufungua shuka usoni mwa mtoto. Mkono wake ukasimama.

"Kata, yaya," akasema.

Nikazima shule, nikazima zahanati yetu, nikazima simu za watu. Mwishowe nikazima hii yetu. Mama akapotea akiwa ameinamia skrini, mdomo wazi. Nje wakaanza kugonga: nani amezima? Nikatoka nikasema ni mimi, na nikawaambia sababu. Wakanung'unika, lakini hawakugonga tena. Mvua ikahamia kwetu. Natanaeli alisimama mlangoni akiangalia kilimani, mikono haitulii.

"Papa, wacha ilowe."

"Minaiacha. Lakini inaniuma."

Tulikaa. Mtoto alinyonya, akalala. Halafu simu ikalia na Nasimah akasema maneno mawili tu: "Gari limetoka."

Nikawasha tena, nikapiga Uvira. Ikaita mpaka ikajikata. Nikapiga tena. Yule mwenye simu lazima alikuwa ameshafunga duka, na mama ameshika njia ya kurudi mlimani na kilemba chake.

Sonia akafunika uso wa mtoto.

"Tutapiga kesho," akasema, "kama haitanyesha Ngarama."